Nunda wa Songea

Neno nunda halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa visiwani. Wengi wetu tulilisikia kabla hatujajua kusoma, na kwa sababu yake tulilala tumejifunika shuka hadi utosini. Si nundu ya ng'ombe, ingawa wageni huyachanganya maneno haya mawili; ni yule mnyama mla watu ambaye alianza kwa kuwa paka wa Sultani. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, aliikusanya hekaya hiyo hapa hapa petu, na akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Waswahili, ndani ya kisa kirefu cha Sultani Majnuni. Paka akala ndama, Sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake, basi hapana kesi. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watu, na jawabu lilikuwa lile lile. Mpaka siku alipowala wana wa Sultani mwenyewe, ndipo ilipojulikana kuwa huyo si paka tena.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile inayofuata. Mtoto wa mwisho aliondoka kumsaka nunda, wala hakupata kumwona hata siku moja. Alichokuwa nacho ni alama tu alizotajiwa: masikio madogo, kiwiliwili kipana, madoa, mkia mnene. Kila mnyama aliyemuua alimkokota hadi nyumbani akidhani ndiye, na kila mara mama yake alimwambia siye. Mbwa, siye. Fungo, siye. Punda milia, twiga, kifaru, ndovu, wote siye. Kijana alirudi porini na alama zake, akazilinganisha moja moja, hata akampata.

Hekaya hii naikumbusha kwa kuwa mwaka 2014 nunda aliingia katika daftari la sayansi, na mlango alioingilia ni Songea. Mwaka huo Mmarekani Sterling Nesbitt na wenzake wanne walimtangaza mnyama wa kale ambaye hakuwa akijulikana, wakamwita *Nundasuchus songeaensis*. Nunda ni huyu wetu wa ngano. Suchus ni mamba kwa Kiyunani. Na songeaensis maana yake ni wa Songea. Mifupa yake ilipatikana mwaka 2007 katika bonde la mto Ruhuhu, ule unaoteremka kutoka nyanda za juu za kusini na kumwagika Ziwa Nyasa karibu na Manda. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 2.7. Alikuwa na meno bapa yenye makali kama visu, mabamba ya mfupa mgongoni kama mamba, na miguu iliyosimama wima chini ya tumbo badala ya kutanuka ubavuni kama ya kenge. Alikuja katika vipande vingi mno. Kuvisafisha na kuviunganisha kulichukua zaidi ya saa 1,000, na hata hivyo sehemu kubwa ya fuvu haikuonekana.

Mla nyama, mwenye meno ya visu, miguu wima. Je, ni dinosaria? Tulinganishe alama. Siye.

Wakati huu wetu, dinosaria mla nyama akitajwa, picha inayomjia mtu kichwani aghalabu ni ya filamu ya Marekani ya mwaka 1993, ambayo kanda zake zilizunguka Afrika Mashariki nzima: wanyama wenye akili, wenye kuwinda kwa kundi, na katika kidole cha pili cha kila mguu ukucha mmoja mkubwa uliopinda kama mundu. Ukoo huo upo kweli katika sayansi. Wataalamu huuita dromeosauridi, yaani jamaa wa mjusi mkimbiaji, kwa jina la mmoja wao aliyetangazwa mwaka 1922. Mwenzake mashuhuri zaidi, *Velociraptor*, alitoka jangwa la Mongolia na akapewa jina mwaka 1924. Filamu ilimfanya mrefu kama mtu, na ngozi ikawa ya mjusi. Mwenyewe alikuwa na ukubwa wa bata mzinga, na mwaka 2007 ilionekana katika mfupa wa mkono wake safu ya vinundu ambavyo katika ndege ndivyo mahali manyoya ya bawa yanaposhikilia. Jitu la filamu, kwa kweli, limeazima umbo la ndugu yake mkubwa, *Deinonychus*, ambaye mabaki yake yalifukuliwa Montana.

Huyo *Deinonychus* ndiye aliyegeuza fikra. John Ostrom alipomwandika mwaka 1969, dinosaria walikuwa bado wakidhaniwa kuwa majinyama mazito ya damu baridi, yenye kujikokota matopeni. Hapa palikuwa na mnyama mwepesi, mwenye mkia uliokakamaa kama fimbo ya kujisawazishia, na mkono ambao mfupa kwa mfupa ulifanana na wa ndege. Kutoka hapo Ostrom alifufua hoja kuwa ndege wametokana na dinosaria wala nyama, hoja ambayo leo hapana mwanazuoni mwenye uzito anayeipinga. Na ule mundu wa mguuni? Zamani ilisemwa kuwa ulikuwa wa kupasulia matumbo ya mawindo. Majaribio yaliyofanywa miaka ya 2000 yaliitilia shaka kauli hiyo, na mwaka 2011 watafiti waliolinganisha kucha hizo na za mwewe wa leo walipendekeza kazi nyingine: kumkandamiza mnyama chini asifurukute, huku mikono yenye manyoya ikipigapiga ili mwindaji asianguke. Mtu aliyewahi kuona mwewe akitua juu ya kifaranga uani hana haja ya mchoro.

Ukoo wa mundu haukuishia Asia na Marekani. Mwaka 1995 Wajerumani wawili walitangaza mabaki machache ya ukoo huo kutoka kaskazini ya Sudani. Mwaka 1998 likaja la jirani yetu wa kusini: *Rahonavis*, kutoka Bukini, upande wa Mahajanga. Ukubwa wake ulikuwa kama wa kunguru, nasi wa Unguja kunguru tunawajua. Alikuwa na mkono mrefu wenye alama za manyoya ya bawa, na mguuni ukucha wa mundu. Waliomwandika walimhesabu kuwa ndege. Wengine baada yao wamemrudisha kwa dromeosauridi, na ubishi haujaisha. Jina lake la kwanza lilikuwa *Rahona*, kutoka Kimalagasi, lakini ikagundulika kwamba nondo fulani alikwisha kuitwa hivyo, ikabidi libadilishwe. Katika sayansi hii jina ni la aliyetangulia, hata akiwa nondo.

Sasa, msomaji atauliza, Songea ina nini na ukoo huo? Mundu haukuonekana Ruhuhu, wala hautegemewi kuonekana. Mawe ya Ruhuhu ni ya zamani zaidi. *Velociraptor* aliishi miaka milioni 75 hivi iliyopita, na *Rahonavis* karibu na hapo. Tabaka za Manda, ambamo nunda alilala, huhesabiwa kuwa na umri wa miaka milioni 240 hivi, ingawa wapo wanaozipunguzia miaka milioni kadhaa. Baina ya nunda na mundu pana umbali mkubwa kuliko baina ya mundu na sisi. Ukitaka kumwona mwenye ukucha, nenda Bukini. Lakini akikuuliza mtu kuhusu babu wa babu zake, huna budi kurudi Ruhuhu.

Taarikhi ya mifupa hiyo ilianza kwa makaa ya mawe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliokabidhiwa Tanganyika walitaka kujua nini kimo ardhini, na mawe ya Ruhuhu, sawa na yale ya Karuu ya Afrika ya Kusini, yalikuwa na makaa. Mwanajiolojia wa serikali, G. M. Stockley, alipima bonde lile mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, akachora ramani za tabaka, na njiani akaokota mifupa. Mnyama mmoja aliyekuwa na mdomo kama wa kasuku akapewa jina la stockleyi mwaka 1932. Mwaka 1933 akaja Francis Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge, naye akakusanya kwa miezi. Kisha Ernst Nowack, kutoka Austria, akakusanya kwa ajili ya Tübingen, Ujerumani, na profesa wa huko, Friedrich von Huene, akampa mnyama mmoja jina la *Parringtonia*. Mzungu akamwenzi Mzungu mwenzake, na mnyama akabaki katika sanduku. Mwaka 1963 ikaja safari kubwa ya Makumbusho ya Uingereza pamoja na Chuo Kikuu cha London, iliyopitia Zambia ya leo hadi Ruhuhu. Kwa njia hizo mifupa ya bonde moja la kusini ya Tanzania iligawanyika baina ya London, Cambridge, Tübingen na Cape Town.

Mtu wa kati katika kisa hiki ni Alan Charig. Alikuwa mwanafunzi wa Parrington, na katika miaka ya 1950 aliandika tasnifu yake juu ya mifupa ambayo mwalimu wake alikuja nayo mwaka 1933. Humo aliwatambua wanyama ambao hawakuwa na mfano, akawapa majina: *Teleocrater*, *Mandasuchus*, na baadaye *Nyasasaurus*. Tasnifu haikuchapishwa. Majina yakatajwa hapa na pale katika vitabu, bila maelezo ya kutosha, na kwa sheria za sayansi jina lisilo na maelezo ni jina lisilokuwepo. Charig akawa msimamizi wa visukuku vya wanyama watambaao katika makumbusho ya London, akaandika vitabu vilivyopendwa, akatokea katika televisheni, na watu wa Ruhuhu wakaendelea kumngoja kabatini. Sisemi haya kwa kumlaumu marehemu. Lakini mwaka 1983 fundi mmoja wa bomba, katika machimbo ya udongo kusini ya London, aliokota ukucha mkubwa wa dinosaria mla samaki. Charig na Angela Milner walimtangaza mwaka 1986 kwa jina la *Baryonyx*, ukucha mzito. Ukucha wa Surrey ulingoja miaka 3. Mfupa wa Songea uliokwisha kufika London ulikuwa umengoja miaka 53, na safari yake ilikuwa bado.

Charig alifariki mwaka 1997. Mwaka 2012 ndipo *Nyasasaurus parringtoni* alipotangazwa rasmi, na Charig akatiwa miongoni mwa waandishi hali yumo kaburini. Kilichopo ni kidogo: mfupa wa juu wa mkono na pingili kadhaa za mgongo zilizoko London, pamoja na pingili nyingine za mnyama wa pili zilizoko Cape Town. Lakini alama zake ni nzito. Mfupa wa mkono una ukingo mrefu wa kushikilia misuli, kama wa dinosaria. Ulipokatwa kipande chembamba na kutazamwa kwa hadubini, ulionyesha mpangilio wa mfupa unaokua kwa haraka, kama wa dinosaria. Pingili zilizoungana na nyonga zilikuwa tatu, zaidi ya mbili za watambaao wengi wa zama zile. Waandishi wakasema: huyu ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni jamaa yao wa karibu kabisa. Urefu wake walikisia kuwa mita 2 au 3, sehemu kubwa ikiwa mkia.

Ama ndiye, ama siye. Laiti mama yake yule kijana angekuwepo.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kujua kwamba katika zama hizo ukoo mmoja mkubwa ulikuwa umekwisha gawanyika matawi mawili. Tawi moja linaishia leo kwa mamba. Jingine linapitia kwa dinosaria na linaishia kwa ndege, na mwenye ukucha wa mundu amekaa pembezoni kabisa mwa tawi hilo, pua na mdomo na ndege wenyewe. Nunda wa Songea huwekwa upande wa mamba, ingawa mahali pake hasa pana mjadala. Miguu yake ya wima ni ushahidi kuwa tabia hiyo haikuwa ya dinosaria peke yao. Upande wa ndege, Ruhuhu imetoa *Asilisaurus kongwe*, aliyetangazwa mwaka 2010. Huyu alikuwa mwembamba, mwenye kutembea kwa miguu minne, kimo cha nyonga baina ya nusu mita na mita moja, na meno ya kufaa majani. Mabaki yake yalitoka kwa wanyama wasiopungua 14, neema adimu katika kazi hii. Si dinosaria, ila ni kama binamu yao.

Aliyewashangaza wengi ni *Teleocrater*. Mwaka 2015 watafiti waliorudi Ruhuhu walipata mabaki zaidi ya mnyama yule yule aliyechimbuliwa na Parrington mwaka 1933, na mwaka 2017 akapata maelezo kamili, chini ya jina lile lile alilobuni Charig. Wataalamu walikuwa wametazamia kuwa wazee wa mwanzo wa tawi la ndege walikuwa wadogo, wenye kukimbia kwa miguu miwili, kama dinosaria waliopunguzwa kimo. Ruhuhu ikawapa mnyama wa mita 2 au 3, mwenye shingo ndefu, mla nyama, wa miguu minne, na kifundo cha mguu kilichokuwa kama cha mamba. Kwa hiyo kile kifundo walichodhani ni alama ya tawi la mamba, kumbe kilikuwa mali ya ukoo mzima kabla ya kugawanyika, na tawi la ndege likakiacha baadaye. Alama iliyokuwa ikitumika kumtambua mmoja ikawa haimtambui. Vitabu vilibidi virekebishwe, na sababu ni mifupa iliyokuwa kabatini miaka 84.

Nimetaja majina mengi, na si kwa bahati mbaya. Ukiyapanga kwa miaka utaona kitu. Mwanzo yanasifu mabwana waliookota: stockleyi, parringtoni, *Parringtonia*. Mwaka 1983 wenyeji wanatajwa kama kabila, katika *Angonisaurus*, na neno lenyewe ni Angoni, kama Mngoni alivyoitwa katika karatasi za serikali ya kikoloni. Mwaka 2010 lugha inaingia: asili, kongwe. Mwaka 2014 anaingia nunda. Kutoka bonde la Rukwa, ambako mawe ni ya zama za akina mundu, wanatoka wala majani wakubwa: *Shingopana* mwaka 2017, na mwaka 2019 *Mnyamawamtuka moyowamkia*, jina ambalo mtoto wa darasa la pili hulisoma bila msaada, kwa vile pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Mwaka 2022 ikafika zamu ya fuvu moja lenye urefu wa zaidi ya sentimita 75 lililopatikana na safari ya mwaka 1963. Charig alikuwa amekusudia kuliita *Pallisteria*, kwa heshima ya rafiki yake mwanajiolojia. Waliolichapisha wakaliita *Mambawakale ruhuhu*. Waliandika bayana kwamba walichagua Kiswahili kwa sababu Watanzania ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ile, wakionyesha mahali penye mifupa, wakichimba, wakifungua njia, na hawakushukuriwa ipasavyo.

Wapo watakaosema jina ni pambo. Sikubaliani nao. Hata hivyo, jina la Kiswahili lililobuniwa Marekani au Uingereza ni hisani ya mtoaji, na hisani haiwi haki. Kilicho na uzito zaidi kwangu ni herufi chache zinazotangulia nambari ya mfupa. *Nyasasaurus* ana herufi za makumbusho ya London. Nunda ni NMT RB48, *Asilisaurus* ni NMT RB9, na NMT ni Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, Dar es Salaam. Mifupa hupelekwa ng'ambo kusafishwa na kuchunguzwa, lakini mwenyewe anajulikana. Huko nyuma haikuwa hivyo.

Tendaguru ndiko jambo hili lilikokuwa kubwa kuliko popote. Kilima hicho kiko Lindi, mashariki ya nchi ya Songea, kusini hiyo hiyo iliyoungua kwa Vita vya Majimaji. Mwaka 1906, moto wa vita haujapoa, Mjerumani Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa njiani. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba huko, yakitumia mamia ya wafanyakazi katika nchi ambayo njaa ilikuwa imekwisha ua watu wasiohesabika. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa kila mzigo. Msimamizi aliyeijua kazi kuliko wageni waliomlipa alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilitiwa katika dinosaria mwaka 2007, *Australodocus bohetii*. Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mwingine, alingoja hadi mwaka 2019, katika *Wamweracaudia keranjei*. Mzoga mkubwa kuliko wote umesimama katika ukumbi wa Berlin tangu mwaka 1937, na watoto wa Kijerumani humwita kwa mapenzi kama paka wa nyumbani.

Kuna mtu mmoja wa pwani ambaye wapenzi wa mashairi watashangaa kumkuta hapa. William Hichens, yule yule aliyehariri Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka mwaka 1940, aliwahi kuwa mtawala wa Kiingereza upande wa Lindi. Mwaka 1937 aliandika katika gazeti moja la Uingereza juu ya mauaji aliyoletewa kesi zake huko, ambayo watu waliyanasibisha na mngwa, au nunda, paka mkubwa wa kijivu asiyekamatika. Ngozi haikuletwa. Inawezekana alikuwa simba, inawezekana walikuwa watu. Ninamtaja kwa sababu watu wa kusini walimpa mtawala alama, naye akaziandika, lakini hapakuwa na mama wa kuhukumu.

Narudi Songea. Neno songeaensis lina jina la mji, lakini mji wenyewe una jina la mtu. Songea Mbano alikuwa nduna wa Wangoni, na nguvu zake katika vita vya 1905 hadi 1907 ndizo zilizowafanya Wajerumani wamwogope kuliko wengi. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa makumi ya viongozi wa Wangoni, Nkosi Mputa Gama akiwamo, na wakazikwa katika kaburi moja. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, na kaburi lake likawa peke yake. Mapokeo ya ukoo wake, ambayo wanahistoria wameyachukua kwa uzito, yanasema kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Katika miaka ile mafuvu ya watu wa makoloni yalikusanywa kwa maelfu, yakatiwa nambari, yakapimwa, kwa sayansi ambayo ilikwisha jiamulia jibu kabla ya kupima. Mengine yalikwenda bila jina. Waliokusanya walijali kabila na wilaya. Jina la marehemu halikuwa katika alama walizozitafuta.

Hivyo pana mnyama wa miaka milioni 240, mwenye jina la Songea, ambaye kila kipande chake kina nambari na mwenye kukiulizia atajibiwa. Na pana Songea mwenyewe.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akakutana na wajukuu wa Mbano, akainama mbele ya makaburi, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wao. Aliwaahidi kwamba nchi yake itashirikiana nao kulitafuta fuvu la nduna. Aliongeza kuwa hawezi kuwaahidi kwamba litapatikana, kwa sababu kuyatambua mabaki ya binadamu ni kazi ngumu hata kwa wataalamu.